Mapigo Matatu kwenye Bomba

Mume wangu watu wanamwita Gramu, na jina hilo kalitafuta mwenyewe. Fundi wa kuchomelea gani anapima uzito wa boliti? Huyu anapima. Anaiweka kwenye mizani yangu ya jikoni, anainama, anasoma, anaitoa, anaikata mkia uliozidi, anairudisha tena. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu alinikatia mpini wa mwiko kwa sababu aliona umezidi urefu. Nilijua mapema nimeolewa na mtu wa namna gani, sitaki kusema nilidanganywa.

Kitu kingine kilichompa sifa ni mishono yake. Mafundi wengine wakiunga chuma na chuma, pale kwenye kiungo hubaki uvimbe, kama kovu la mtu aliyeshonwa. Gramu havumilii uvimbe. Akimaliza kuchomelea anashika grenda anasaga, kisha tupa, kisha msasa, mpaka vyuma viwili vinakuwa kimoja. Mteja akija anaambiwa afumbe macho apitishe kidole. "Haya, kiungo kiko wapi?" Mteja anapapasa, hakipati. Miaka kumi na tisa nimeona watu wazima wakipapasa mageti na vitanda huku wamefumba macho, na mume wangu kasimama pembeni, mikono kiunoni, roho yake kwatu.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu na karakana yake vinatenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, kwa hiyo yeye anasikia cherehani yangu na mimi nasikia grenda yake. Tukigombana, kila mtu anakazana na mashine yake badala ya kupaza sauti. Majirani wanajua.

Dada yake, yaani wifi yangu, ni mkaguzi wa bomba la maji. Bomba hilo linaanzia kwenye banio, pale mto unapozuiwa huko juu mlimani, na linashuka kilomita saba hadi kwenye tangi la mji. Kubwa, la chuma, limepita juu ya ardhi kwenye vijiguzo vya zege. Lina vali kumi na nne, zinazohesabiwa kuanzia chini. Kwenye kila vali wifi anasimama, anazima injini, anaweka ncha moja ya fimbo ya chuma kwenye bomba na ncha nyingine sikioni, anasikiliza. Bomba linalovuja linapiga mluzi, ndivyo anavyosema. Na wakaguzi wana desturi yao ya tangu zamani, kabla ya simu, na huko mlimani hata leo simu hazishiki: wanapigiana bomba. Siku moja wakati wa kula alitufundisha kwa kugonga sufuria yangu na kijiko. Pigo moja, niko salama. Mawili, fungua maji. Matatu, simama ulipo, usisogee.

"Na manne?" nikamuuliza.

"Manne ni wifi yako amechoka na maswali," akasema.

Ofisi ilikuwa imempa pikipiki kubwa, kilo mia na thelathini kabla hujatia mafuta. Wifi mwenyewe hafiki kilo hamsini, na akikaa juu yake ni ncha za vidole tu zinazogusa chini. Barabarani hakuna neno. Lakini kando ya bomba hakuna barabara, kuna kijia cha mizizi na mawe yanayohama, na kona ambazo lazima ushuke, unyanyue gurudumu la nyuma kwa mikono uligeuze. Kuna mahali majabali mawili yamekaribiana, wanapaita Tundu la Sindano. Juu yake kuna Ngazi, mteremko wa mawe wenye vidato thelathini na kitu, kila kimoja kinafika gotini. Mwaka jana, pale kwenye Tundu la Sindano, pikipiki ilimlalia mguu. Alikaa chini yake saa tatu mpaka mkata majani alipopita. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Alipotolewa plasta, mkuu wa kituo alimwita. Si mtu mbaya yule, ila anaamini maandishi kuliko macho yake. Alimwandikia barua: mwezi mmoja wa kujiandaa, na Ijumaa ya mwisho azunguke bomba lote kwa pikipiki, ya ofisi au yake mwenyewe, vali zote kumi na nne kupanda na kushuka, kitabu kimejazwa, awe amerudi na pikipiki yake kabla ofisi haijafungwa saa kumi. Akishindwa, bomba anapewa mtu mwingine na yeye anahamia dirishani kupokea malalamiko.

"Wifi," aliniambia, "miaka kumi na mmoja nasikiliza bomba, halijawahi kunitukana hata siku moja. Sasa wanataka nikasikilize watu?"

Alicheka, lakini macho yalikuwa yamelowa. Gramu ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Alimpeleka shule mgongoni, alimsuka nywele mwenyewe, vibaya. Siku ile ile aliingia karakana akapiga magoti, akaanza kuchora kwa chaki sakafuni.

Pikipiki aliyoichora ilikuwa na karibu nusu ya uzito wa ile ya ofisi. Injini aliitoa kwenye pikipiki iliyogongwa, ndogo, isiyo na makuu. Fremu aliiunda upya kwa paipu nyembamba za vitanda vya hospitali alizozikuta kwa muuza chuma chakavu. Taa za pembeni, toa. Stendi, toa. Madigadi ya chuma, toa, weka ya plastiki. Tangi la lita tatu, linatosha kwenda na kurudi. Nyuma alifunga sproketi, lile gurudumu la meno la mnyororo, kubwa ya kukaribia sahani, ili pikipiki iweze kutambaa taratibu kama mtoto bila injini kuzima. Usukani mpana, klachi ya kuvutwa kwa kidole kimoja. Kiti nilikishona mimi, sponji nyembamba ya vidole viwili, na hata hapo alinirudishia niondoe upindo mmoja. Gramu kumi na mbili, akasema. Nilimwambia akapime ulimi wake.

Mambo yaliharibika tulipofika kwenye kinga ya chini ya injini, ile ya kuzuia mawe. Chuma ni kizito, alitaka bati nene la alumini, na alumini nene iliyokuwa karibu ni sufuria yangu kubwa, aliyoniachia mama. Jumamosi niliingia jikoni nikaikuta haina kitako. Kimekatwa duara safi, kingo zimesafishwa kwa msasa nisije nikajikata. Nilisimama na ile pete ya sufuria mkononi, hasira zikanipanda hadi utosini. Sikumsemesha siku nane.

Katika siku hizo nane ndipo alipochomelea shingo.

Shingo ni pale mbele, paipu zote za fremu zinapokutana na kushika usukani na gurudumu. Shingo ikiachia, gurudumu la mbele linakunjika chini yako na wewe unatangulia kwa kichwa. Nilikuwa napita na ndoo ya maji. Gramu alikuwa anasaga mshono wa shingo, cheche zinaruka, uvimbe unaisha, naye anasaga tu. Paipu zenyewe ukuta wake mwembamba mno. Nikasimama. Katika kushona, ukikata kitambaa cha ziada hadi kuufikia uzi, nguo inapendeza siku ya kwanza, siku ya pili inaachia. Na haiachii penye uzi. Inachanika pembeni yake, pale ulipokwangua. Neno lilinifika kwenye ncha ya ulimi. Nikakumbuka sufuria ya mama. Nikabadilisha mkono wa ndoo nikapita. Siku ile sikunyamaza kwa hekima, nilinyamaza kwa kisirani, na naliandika hivyo hivyo bila kulipamba.

Ili tupatane alinitengenezea fimbo ya pazia la kona yangu ya kujaribia nguo, kwa vipande vitatu vya paipu zilizobaki. Akaniambia nifumbe macho. Nilipitisha kidole mara mbili, viungo sikuvipata. Nikacheka. Tukaishia hapo.

Ijumaa ilipofika, saa moja asubuhi, muuza chuma chakavu alileta mizani yake ya kuning'iniza, Gramu akaipandisha pikipiki. Kilo sabini na moja na gramu mia nne. Wifi alilinyanyua gurudumu la mbele kwa mikono yake mwenyewe akaligeuza kushoto na kulia, akamtazama kaka yake, kisha akamkumbatia mpaka mafuta yakamchafua sare. Saa mbili kamili alitia saini kwenye lango la bomba, chini ya mlima. Gramu alirudi kutoka huko anatembea kwa madaha, utadhani yeye ndiye aliyezaliwa upya.

Saa nne alikuja kwangu mwalimu wa kwaya kujaribu suti. Ni mtu wa mwili. Alijifungia nyuma ya pazia, akawa anapigana na suruali humo ndani, akaishika fimbo asianguke. Nikasikia kitu kikikatika kama biskuti. Pazia, fimbo na mwalimu vyote chini.

"Samahani mama, nimekuvunjia!" akasema, mguu mmoja ndani ya suruali.

Nilikuwa tayari na maneno ya kumtania. Nikaokota kipande, na utani ukaniishia. Fimbo haikukatika kwenye kiungo. Ilikatika pembeni ya kiungo, upana wa kidole, na ukingo wake ulikuwa mwembamba, karibu ungeweza kuukunja kwa ukucha. Nilimwacha mwalimu pale pale sakafuni.

Gramu alikuwa anapiga mluzi. Nilimwekea kile kipande juu ya jiriwa anayobania vyuma.

"Fimbo yako."

Alikichukua, akakigeuza, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Mluzi ukakatika. Nilimwona akipitisha dole gumba kwenye ule ukingo mara moja, mara ya pili.

"Shingo," akasema.

"Najua."

"Nimeisaga hivi hivi. Mke wangu, nimeisaga hivi hivi."

"Simu yake?"

"Haishiki huko, unajua haishiki!" Alikwisha kuvua aproni. "Kupanda hakuna shida sana, uzito unakaa nyuma. Akigeuza kushuka, pale kwenye Ngazi, na breki ya mbele kaishika, shingo inabeba kila kitu. Vidato thelathini. Haivuki."

Karakana ilikuwa na pikipiki ya mteja, ya kusambazia mkate, yenye kreti nyuma. Alipoiwasha nikapanda juu ya kreti.

"Wewe baki."

"Endesha," nikamwambia.

Tulifika langoni saa tano kasorobo. Kitabu cha mlinzi kilionyesha saini yake ya saa mbili. Akili yangu ilikuwa inapiga hesabu ya vali tu: saa tatu za kupanda, kwa hiyo saa tano yupo banioni, anapumzika kidogo, anaanza kushuka. Vali ya tisa ndiyo ipo kichwani mwa Ngazi. Akiivuka hiyo basi tena. Kijia kinapanda kwa kuzungukazunguka, na pikipiki ya mkate isingekiweza; bomba lenyewe linakwenda moja kwa moja. Gramu hakukitazama hata kijia. Alichomoa nyundo kiunoni, akapiga bomba mara tatu kwa nguvu zake zote, akasubiri, akapiga tatu tena.

Chuma kiliitika, kikaenda na sauti juu mlimani mpaka tusiisikie. Aliweka sikio. Mimi nikaweka langu upande wa pili. Maji tu.

"Injini inawaka," akasema. "Akiwa anaendesha hasikii kitu. Mpaka asimame kwenye vali."

Tukapanda. Naomba niseme ukweli, mimi ni mwanamke wa kukaa kwenye kiti, na miguu yangu kazi yake ni kukanyaga pedeli. Nilipanda mlima ule kwa mikono na miguu, nikishika majani, nikishika vijiguzo vya bomba, sketi nimeifunga kiunoni. Vali ya pili, mapigo matatu, sikio. Maji. Vali ya tatu, mapigo matatu, sikio. Maji. Gramu alikuwa anapiga kwa mkono ule ule mmoja. Mkono wake ulianza kuchubuka akawa habadilishi.

Kwenye vali ya tatu, sikio langu likiwa kwenye chuma na lake kwenye chuma, tumetazamana, nikamwambia.

"Nilikuona ukisaga. Siku ile ya ndoo. Nilitaka kukwambia utaikwangua iishe nguvu. Sikusema kwa sababu ya sufuria."

Hakuondoa sikio. Nilidhani hakusikia.

"Mdogo wako akifa," nikasema, "mimi ndiye—"

"Ungesema nisingekusikia," akanijibu. "Ningekwambia rudi ukashone." Akanyanyuka. "Twende."

Vali ya nne. Mapigo matatu. Tukasubiri. Na hapo, mbali kabisa, kama mtu anagonga dirisha la nyumba nyingine, likaja moja.

Moja. Niko salama. Gramu alifumba macho. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye matope na kuanza kulia, sijali. Lakini machozi yenyewe hayakupata nafasi ya kushuka, kwa sababu huko juu tukasikia injini inawashwa. Ile sauti yake nyembamba niliijua vizuri, nimeisikia mwezi mzima nyuma ya ukuta wa mabati.

"Hajaelewa!" nikapiga kelele. "Amejibu tu, anakuja!"

"Ana haraka," Gramu akasema. "Anadhani ni watoto wanachezea." Akaishika nyundo kwa mikono miwili. Tatu, tatu, tatu, bila kuacha nafasi, rangi ya bomba inaruka vipande. Sauti ya injini ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Mimi niliokota jiwe nikapiga na mimi, na sikufuata hesabu yoyote, nilikuwa napiga tu huku naliita jina la wifi ambalo kwa heshima huwa siliiti.

Injini ikazima.

Hatukuweka sikio tena. Tulipanda. Vali ya tano, sita, Tundu la Sindano ambalo nilipita kwa ubavu, kisha zile Ngazi, na Gramu akizipanda vidato viwili viwili kwa umri wake ule. Nilipoinua kichwa nikaiona pikipiki pale juu kabisa. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshavuka ukingo, limekaa kwenye kidato cha kwanza. Wifi alikuwa amekaa kitini, mguu mmoja umeegemea jiwe, mkono kwenye breki, na amekasirika.

"Nani anapiga bomba langu? Kaka? Wifi? Nyie mna nini? Nimebakiza saa tatu na nusu, nilikuwa ninaenda vizuri, hii pikipiki ni malaika!"

"Shuka," Gramu akasema.

"Kaka, sina muda."

"Shuka taratibu. Usiachie breki. Shukia nyuma."

Alisikia sauti yake ikoje, akashuka. Gramu aliishika pikipiki kwa usukani akairudisha hatua mbili, akapiga magoti mbele yake. Alifuta matope ya shingo kwa shati lake. Rangi ilikuwa na mstari mmoja mwembamba pembeni ya mshono, ungedhani unywele umenasa. Alipitisha ukucha. Ukucha ukakwama.

Wifi alizitazama Ngazi, kidato kwa kidato mpaka chini, kisha akaushika ule mguu wake uliovunjika kwa mkono, kama mtu anayeangalia kama bado upo.

"Ni mimi," Gramu akasema akiwa bado magotini. "Nilitaka mtu asione kiungo."

Wifi akakitoa kitabu kifuani, akanionyesha: vali zote za kupanda zimejazwa, banio limejazwa. Zimebaki tisa za kushuka kuhakikiwa. "Barua imesema nirudi na pikipiki," akasema. "Haijasema nani ambebe nani."

Hapo ndipo zile gramu zilipotusaidia. Gramu alifungua gurudumu la mbele nikapewa mimi, nikalivaa begani. Yeye akashika nyuma, dada yake akashika mbele, wakainyanyua. Ile ya ofisi wasingeisogeza hata kidato kimoja. Hii waliishusha. Sisemi ilikuwa rahisi. Kwenye kidato cha kumi mguu wa wifi ulianza kutetemeka na tukakaa. Kwenye cha ishirini Gramu aliteleza, pikipiki ikamlalia kifuani, akabaki ameikumbatia anahema. Kwenye Tundu la Sindano tuliipitisha kwa kuilaza ubavu. Na kwenye kila vali, bila kujali nani anahema vipi, wifi aliitua, akachomoa fimbo yake, akasikiliza, akaandika. Nilitaka kumtikisa. Leo namheshimu kwa hilo.

Tulifika ofisini saa kumi na dakika ishirini. Mkuu wa kituo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, funguo mkononi. Watu wa zamu walikuwa wamesimama pale na mabegi yao, wanatutazama: mwanamke mwenye gurudumu, mwanamume aliyechanika shati, na mkaguzi wao, wote rangi moja ya tope.

Mkuu alikipokea kitabu, akakisoma ukurasa kwa ukurasa. "Kazi imekamilika," akasema. "Lakini umechelewa, na pikipiki imebebwa. Nitaandika mkaguzi ameshindwa kuimudu njia."

"Andika vingine," Gramu akasema.

Mkuu alimtazama.

"Andika fundi amekosea. Mshono wa shingo niliusaga mpaka ukaisha. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na tatu na nimekosea kosa la mwanafunzi, ili watu wapitishe kidole wanisifu. Yeye hajakosea popote. Angeendelea, sasa hivi ungekuwa unaandika barua nyingine." Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, mbele ya watu ambao nusu yao mageti yao kayatengeneza yeye. Nilimfahamu mume wangu siku ile kuliko miaka yote kumi na tisa.

Mkuu alichukua kalamu. Aliandika muda mrefu. Kisha akamwambia wifi, "Ijumaa ijayo. Mara moja tu. Na nataka kuiona hiyo shingo kabla hujaondoka."

Gramu alikata shingo yote akaiunda upya. Aliongeza vibati vya pembetatu kwenye pembe, akachomelea pole pole, na grenda aliifungia kwenye sanduku, ufunguo akanipa mimi. Siku alipomaliza aliniita. Uvimbe ulikuwa pale, mnene, wa kuviringika, kuzunguka kila kiungo.

"Angalia. Na ukiona kitu, sema. Hata kama tumenuniana."

Nikapitisha kidole. Kilipanda, kikashuka. "Mbaya," nikamwambia. "Mbaya kama nini."

"Gramu mia sita na kumi zaidi," akasema. Akaupaka rangi hivyo hivyo.

Ijumaa ya pili Gramu hakwenda karakana. Wifi alipoondoka saa mbili, sisi tulibaki langoni, kwenye vali ya kwanza. Alikuwa amemwomba dada yake kitu kimoja tu: akimaliza Ngazi, asimame vali ya nane, apige. Gramu aliazima fimbo ya kusikilizia. Akachuchumaa, ncha moja kwenye bomba, ncha nyingine sikioni. Saa nne. Saa tano. Nilimletea chai, ikapoa. Saa sita mlinzi alitaka kumsimulia habari, nikamfukuza kwa macho. Mimi nilisimama nyuma yake, nikaona shingo yake mwenyewe ilivyokakamaa, na mvi ambazo wiki moja nyuma sikuwa nimeziona.

"Vipi?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Maji tu.

Saa saba kasoro. Hajatoa fimbo. Nilikuwa nimeanza kuhesabu vidato kichwani, kimoja kimoja, thelathini na moja, thelathini na mbili, naanza tena upya. Mara mabega yake yakashuka. Aliziba sikio la pili kwa kiganja, akasikiliza tena, midomo imeachana.

"Umesikia? Mangapi?" Nilimshika shati. "Baba watoto, mapigo mangapi?"

Hakugeuka. Alinyanyua mkono wake ule mweusi wa moto na mafuta, akanionyesha kidole kimoja.